Mume Wangu Alinipata kwa Ubishi wa Hadithi ya Gazetini

Admin, naomba ulifiche jina langu. Hata majina ya wenzangu humu nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka 48, naishi Itigi, nina watoto watatu na wote ni watu wazima. Baada ya wiki mbili natakiwa nisimame kanisani na mume wangu kushukuru miaka ishirini na tano ya ndoa. Sare zimeshashonwa, mbuzi wapo zizini, ndugu wameshaalikwa. Na mimi nikimwangalia huyo mwanaume nasikia kinyaa.

Niwarudishe nyuma kidogo. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa msichana, nakaa kwa shangazi yangu aliyekuwa na mgahawa wa chai karibu na stesheni. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mtu anauza chake, na magazeti ya hadithi yalikuwa yanaingia na treni kila wiki. Sisi tulishikwa na moja lililokuwa na hadithi ndefu ya falme na uchawi. Nakala ilikuwa moja kwa mgahawa mzima, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nasoma kwa sauti na wateja wanasikiliza.

Humo mlikuwa na wabaya wawili. Bwana Makaa alikuwa anachoma vijiji akiwa juu ya farasi, amevaa kinyago cha chuma. Mzee Kiwi alikuwa mchawi kipofu anayeiba vivuli vya watu. Ubishi ukazuka: hawa ni wawili, au ni mtu mmoja? Mimi nilisema ni mmoja. Hawajawahi kutokea mahali pamoja hata mara moja, na wote wawili wakikasirika wanahesabu kinyumenyume. Mgahawa ulinicheka.

"Dada, kipofu anapandaje farasi?" Mkumbo alikuwa ananiuliza hivyo kila wiki. Alikuwa kijana wa Ihanja anayekuja kununua asali. Alikuwa ananicheka lakini ananipenda, na mimi nilimpenda. Alishaniambia atatuma wazee kwa shangazi.

Mwingine aliyenitaka ni huyu mume wangu, Baba Neema. Alikuwa kibarua wa kushusha mizigo pale stesheni. Naye alikuwa anasema wabaya ni wawili, tena anapiga meza. Ghafla siku moja akageuka. Akasimama mbele ya watu akasema, "Jamani, huyu dada ana akili kutuzidi sote. Ni mtu mmoja. Msikilizeni." Akazirudia hoja zangu zote, hakuacha hata moja. Nilijisikia kama nimevishwa taji. Kumbe kuna mtu alikuwa ananisikia!

Siku mbili baadaye gazeti likaja. Nikasoma mwenyewe: kinyago kimevuliwa, na uso ni wa Mzee Kiwi. Watu wakapiga kelele. Mkumbo akaweka kikombe mezani, akatoka bila kuniaga. Hakurudi tena. Nililia miezi, na aliyenibembeleza ni Baba Neema. Tukaoana. Maisha yangu yote nikiulizwa nilimpendea nini, jibu langu lilikuwa moja: aliheshimu akili yangu.

Mwezi uliopita tulikuwa na kikao cha maandalizi hapa nyumbani. Mdogo wake mume wangu akaanza kutuonjesha hotuba yake. "Shemeji, wewe ulipatikana kwa Bwana Makaa!" Nikamuuliza kivipi. Akaeleza huku anacheka. Wale wanaume wawili waliwekeana dau juu yangu. Atakayeshindwa ubishi anajitoa, asinisemeshe tena. Na kaka yake hakukisia kitu. Mzigo wa magazeti ulikuwa unakaa siku mbili tatu stoo ya stesheni kabla wakala hajauchukua. Akafungua kamba, akasoma mwisho, akafunga tena. Ndipo akamfuata Mkumbo kuweka dau.

Kikao kizima kilicheka. Mwanangu wa kiume, niliyemzaa mwenyewe, akasema, "Mzee ni mjanja!" Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikatapika. Sisemi kwa mfano. Nilitapika kweli.

Walipoondoka nikamuuliza, "Baba Neema, ni kweli?"

"Mambo ya ujana hayo, Mama Neema. Kwani nimekutesa?"

"Ulipowaambia watu nina akili, ulikuwa unamaanisha?"

Akafikiri. Haki ya Mungu, alikaa akafikiri. Halafu akasema, "Sasa ningesemaje? Ilibidi nipate sababu ya kuhama upande."

Nikatafuta namba ya Mkumbo kwa ndugu zake. Siku hizi yuko Mwankoko, ana mke na wajukuu. Nikamuuliza kwa nini aliondoka bila neno. Akanijibu, "Nilikuwa nimeshakubali. Mwanaume hali matapishi yake." Nikamwambia, "Na mimi, kuna aliyeniuliza?" Akauliza kama mwaka huu asali huku kwetu ipo. Nikakata simu. Huyo ndiye niliyemlilia.

Sitasema uongo, mume wangu hajawahi kunipiga, na watoto amewasomesha. Lakini sasa akinishika bega naenda kunawa. Akicheka na wenzake nawaona wale wawili wananipima kama debe la asali. Mama mchungaji ananiambia nisamehe, eti mbona ni hadithi tu ya gazetini. Binti yangu Neema analia, anasema nitawaaibisha mbele ya wageni. Hakuna hata mmoja aliyeniambia pole.

Siku hiyo mchungaji ataniuliza mbele ya watu kama namshukuru Mungu kwa mume niliyemchagua. Mimi sikuchagua. Nilidhani nimechagua. Nikisema ndiyo, nitakuwa nimesema uongo madhabahuni. Nikisema hapana, wanangu hawatanisamehe.

Kina mama wenzangu, na kina baba mnaosoma hapa, msinitukane. Nishaurini, nifanye nini? Nisimame naye pale mbele, au niwaambie wale mbuzi wakae wasubiri harusi ya mtu mwingine?