Mfaransa Aliyepiga Makofi Kasulu

Enzi zetu, na ninyi mliosoma Kibondo mkikalia matofali mtanielewa, ziwa la Kigoma tulilijua kwa harufu ya samaki wake, migebuka, basi. Meli hakuna aliyewahi kuiona. Tulikuwa na picha moja kwenye kitabu cha historia, nayo ilichanika pale penye bomba la moshi. Asubuhi tulikwenda shule na fagio mkono mmoja, kidumu cha maji mkono mwingine, na mfukoni kipande cha muhogo wa kuchemsha ambacho hakikufika hata kwenye mlingoti wa bendera.

Basi mwaka mmoja likatangazwa shindano la maigizo la shule za Kibondo na Kasulu. Watakaoshinda watapelekwa Kigoma kuona meli. Nawaambia, darasa zima tulikonda kwa hamu. Mwalimu Chande wa historia, mtu wa Lindi aliyepangiwa kwetu na hakuacha kulalamikia baridi, akatuandikia mchezo kuhusu tajiri mmoja Mfaransa wa enzi za ukoloni. Alianza na meli za mizigo, zikaongezeka, halafu akataka siasa ili akae barazani na kuamua nani apakie nini bandarini. Jina lake Mwalimu alilitamkia puani, sisi tukamwita Bwana Meli. Nikachaguliwa mimi, msichana, kwa sababu ya sauti yangu. Nikavalishwa koti la karani, nikafungwa mto tumboni, na kijiti cha muhogo mdomoni kikawa sigara.

"Huyu ni bwana mkubwa," Mwalimu alinionya. "Hasalimii mtu. Ingia, tazama juu, anza kusema."

Siku yenyewe, uwanjani Kasulu, nikaingia nikitazama juu. Kosa langu nikashusha macho. Mstari wa mbele kabisa amekaa bibi yangu mzaa mama, mkazi wa hapo hapo Kasulu, na kitenge chake cha sherehe. Sasa wewe mtoto wa Kiha, umpite bibi yako umekaza shingo? Mikono haikuniuliza. Nikainama, nikapiga makofi yetu ya salamu, taratibu, nikasema, "Mwakeye." Bibi akaitikia kwa makofi. Wazee wote wakaitikia. Uwanja mzima ukawa unasalimiana na Mfaransa.

Mwalimu Chande kajishika kichwa. Wenzangu nyuma ya pazia la mashuka wameshaanza kulia, meli imekwenda hiyo. Hapo nikamkumbuka mgombea mmoja aliyefika kijijini kwetu akawainamia hata watoto, kisha hatukumwona tena. Nikakaza sauti: "Wazee wangu, nawasalimia kwa sababu nataka mnichague. Nikishapata kiti, makofi haya hamtayaona."

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, na hakuna aliyeuliza ni lini wazee wa Kasulu walimpigia kura Mfaransa. Mwisho wa mchezo, Bwana Meli ameshapata kiti chake, nikapita tena mbele ya bibi. Akanipigia makofi. Sikuitikia. Nikatazama juu nikapita, na roho iliniuma sana.

Tukashinda. Jaji mkuu, mama mmoja mkufunzi, alisema ni sisi peke yetu tuliomwonyesha mtu huyo kabla ya kupata na baada ya kupata. Nikamkimbilia bibi, mto ungali tumboni, nikamsalimia mara tatu.

"Haya, umeshashuka melini," akasema, akaitikia.

Kigoma tulifika. Tulipoiona meli, kubwa kuliko shule yetu, darasa zima tuliinama tukapiga makofi. Nahodha akatujibu kwa honi, na Mwalimu Chande akageukia pembeni kupenga kamasi, akisingizia baridi.

Leo mjukuu wangu hapa Kasulu ananionyesha meli kwenye simu, anazizungusha kwa kidole. Nikiingia ananiambia "Mambo, bibi," macho hayajatoka kwenye kioo. Sigombi. Nasimama mlangoni, nainama, napiga makofi, nasubiri mpaka aitikie. Ana meli zote za dunia kiganjani, na sijaona hata moja iliyompigia honi.