Nyaya Mbili Zilizonyooka

Jina la Nyoosha alilipata gereji, maana hakuwahi kuona waya uliopinda akauacha ulivyo. Mafundi wengine wa umeme wa magari huunga waya, wakapiga tepu, wakafunga boneti, mambo yakaisha. Yeye atazilaza nyaya sambamba, azibane kila baada ya upana wa kiganja, kisha arudi nyuma hatua mbili kuzitazama kama mtu aliyevaa suti mpya mbele ya kioo. Kwa miaka ishirini na saba alifanya kazi hiyo akiwa na taa ya kupimia tu, na wateja walimfuata kutoka mbali.

Halafu magari yakambadilikia. Gari la siku hizi lina kompyuta ndogo chungu nzima: ya injini, ya breki, ya usukani, hata ya vioo vya madirisha. Zote huzungumza kwa nyaya mbili tu, kama ukoo uliojazana kwenye chumba kimoja. Anayesema husikiwa na wote, na wawili wakianza kwa pamoja, mwenye jambo zito huendelea na mwenzake hunyamaza akangoja zamu. Ukichomeka mashine ya kupimia kwenye soketi iliyo chini ya usukani, unayasikiliza mazungumzo hayo, na kompyuta zinakupa namba za hitilafu zilizowekwa kumbukumbu. Nyoosha alijifunza yote hayo uzeeni, miwani puani, kwa kiburi na kwa shida. Alikwenda hata mafunzo ya siku mbili. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, alisinzia, na mpaka leo mchomeleaji wa karakana ya jirani humwuliza kama cheti alipewa cha kukoroma.

Alhamisi moja, gari la kwanza kuingia lilikuwa la mkewe. Mke wa Nyoosha huendesha gari la watoto wa shule, watoto kumi na mmoja, na kwa miaka tisa hajawahi kumkwaruza hata mmoja.

"Baba watoto, mishale ya dashibodi inaanguka yote kwa mpigo," alisema kabla hajashuka. "Usukani unakuwa mzito, sekunde mbili tatu, halafu unarudi. Mimi nabeba watoto wa watu humu."

Nyoosha akachomeka mashine. Namba zikajipanga: usukani hausikii breki, injini haisikii usukani. Akafunua zulia chini ya kiti, akawakuta panya wamefanya yao. Nyaya mbili za mazungumzo, zilizosokotwa pamoja tangu kiwandani, zilikuwa zimetafunwa. Akaufungua msokoto wao kwa urefu wa mkono mzima, akaunga kwa risasi ya kuyeyusha, akazilaza zimenyooka twaa, akazibana kando ya waya mnene unaotoka kwenye alteneta, mtambo unaochaji betri, kwenda kwenye betri yenyewe. Kazi ilipendeza, usipime. Mkewe alikuwa anatazama saa, kwa hiyo akazifuta namba zote bila kuziandika. Akawasha gari. Mashine ikaonyesha hakuna hitilafu.

"Imekwisha?" mkewe akauliza.

"Imekwisha."

Neno hilo mkewe hakuwahi kulitilia shaka hata siku moja. Akaondoa gari.

Karibu na saa saba mchana mvua ikaanza, kwanza kwa matone makubwa, kisha ikamwagika yote. Mchomeleaji akahamishia mlango wake wa chuma chini ya paa la Nyoosha, bila kuomba ruhusa, kama kawaida yake. Redio ilikuwa inasoma habari. Mchomeleaji alipogusisha fimbo ya kuchomelea, redio ikakoroma krrr, msomaji habari akamezwa. Akainua fimbo, sauti ikarudi. Akagusisha tena, krrr.

Nyoosha akasimama na bisibisi mkononi. Sentensi ya mkufunzi wa yale mafunzo ya siku mbili, ile aliyoisikia nusu macho nusu usingizi, ikamjia nzima. Kompyuta inapozungumza, umeme hupanda kwenye waya mmoja na kushuka kwenye mwingine, na msikilizaji husoma tofauti yao tu. Kelele za umeme kutoka nje zikizipata nyaya zilizosokotwa, huziingia sawasawa, na tofauti haibadiliki. Ukizinyoosha, iliyo karibu na kelele inabeba zaidi, na ujumbe unaharibika. Naye alikuwa amezilaza ubavuni mwa waya wa alteneta! Asubuhi hakuna kilichowashwa. Sasa, kwenye mvua hii, mkewe amewasha waipa, taa na feni ya kufuta ukungu, na alteneta inahemea juu juu, ikimwaga kelele kwenye waya wake.

Akapiga simu mara nne. Mkewe huiweka simu kwenye mkoba, na mkoba nyuma ya kiti, kwa sababu hapokei akiendesha. Nyoosha mwenyewe huwasimulia watu tabia hiyo kwa majivuno. Shule zilikuwa zimeshawaachia watoto, na njia ya kurudi ilipita kwenye mteremko wenye kona, kisha daraja.

"Washa pikipiki," alimwambia mchomeleaji.

"Mvua hii? Una wazimu?"

"Nimeliharibu gari la mke wangu. Washa!"

Mchomeleaji hakutania tena. Njia nzima Nyoosha aliukumbatia mfuko wa vifaa. Kila walipokutana na gari alitafuta uso wa dereva. Aliwaza mtoto mmoja tu, kisha akakumbuka ni kumi na mmoja.

Alikuta gari kwenye kona, pua yake shubiri moja kutoka kwenye ukingo wa barabara, taa za tahadhari zikipepesa. Mkewe alikuwa amesimama nje, amelowa chapachapa, mgongo ameuegemeza mlangoni ili asishuke mtoto.

"Watoto?"

"Wazima. Usukani ulikaza hapo juu. Nimeuvuta kwa mikono, kwa mabega, kwa kila kitu." Akafuta maji usoni. "Ni panya tena?"

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua.

"Panya ni wa asubuhi. Hii ni mimi. Nilizinyoosha nyaya ambazo hazitakiwi kunyooshwa, na nikafuta namba kabla sijaziandika."

"Uliniambia imekwisha."

"Nilikwambia."

Mkewe akasogea kumpisha. Nyoosha akachomeka mashine, na safari hii akaziandika namba zote kwenye kiganja. Akakata vibanio vyake vilivyopendeza, akazitoa nyaya ubavuni mwa ule mnene, akakata maungio, akazisokota msokoto kwa msokoto mpaka zikafanana na kamba kuukuu, akaunga tena. Kwenye kiti cha nyuma yake msichana mdogo alichungulia.

"Babu, mbona unazipinda?"

"Nilikosea nilipozinyoosha."

Akawasha waipa, taa na feni, vyote kwa pamoja, akakanyaga mafuta gari likiwa limesimama. Dakika kumi. Mishale haikutikisika, na mashine haikuleta namba mpya.

"Imekwisha?" mkewe akauliza.

Neno la zamani lilimfika mdomoni, akalimeza. "Nadhani imepona. Hakika sina."

Mkewe akaondoa mabegi ya shule kwenye kiti cha mbele.

"Basi utakaa hapa. Mpaka mtoto wa mwisho."

Walishuka mteremko polepole, mchomeleaji akiwafuata nyuma. Nyoosha hakutoa macho kwenye dashibodi. Mtoto mmoja mmoja alishuka, na kila mlango ulipofungwa yeye alishusha pumzi. Mtoto wa kumi na moja alipokelewa na mama yake, mwavuli mkononi.

"Jamani, na mvua yote hii!" mama yule alisema, akiinama dirishani. "Asanteni sana kwa kunitunzia mtoto."

Mkewe akaitikia. Nyoosha alifumba kiganja chenye namba, akatazama magoti yake.