Jiwe Lenye Herufi Yangu

Bado nina hasira, ila sijui tena nimkasirikie nani. Mimi ni kinyozi hapa Ibanda. Kunoa wembe wa kukunja nilijifundisha mwenyewe, na jambo dogo likienda kombo silali. Jiwe langu la kunolea nililiokota mtoni Nyantende. Kila nikimaliza kazi hulisuuza na kuliacha likauke karibu na bomba la uani tunalotumia pamoja na majirani.

Juma lililopita niliona limeanza kukwaruza. Nikalisawazisha kwa msasa, nikalainisha kona zake, na chini yake nikachonga B, herufi ya jina langu.

Jana nilikuwa ninamnyoa Papa Cirhuza, anayeniletea wanakwaya wote wa parokia, nikamwona jirani yetu Maman Nsimire uani akisugua visigino kwa jiwe hilohilo. Nikatoka na wembe mkononi.

"Maman, heshima iko wapi? Hii jiwe inanoa wembe ya kunyoa watu."

"Hii? Iko yangu ya miguu, toka zamani."

"Geuza uone B yangu."

Akageuza. B ilikuwepo. Nikamwita Papa aje ashuhudie wizi.

"Kumbe ni wewe uliichora," akasema Maman. "Juma yote nimeitafuta, leo ndio nimeikuta kwa bomba. Ulibeba yangu, yako ikabaki, ni ile inashika mulango yangu."

Nikatazama mlango wake. Jiwe langu lilikuwa pale, laini kama sabuni.

Papa Cirhuza, povu bado shavuni, akajishika kidevu.

"Mutoto," akaniuliza, "na juma lililopita pia, ulininyoa na visigino ya Maman?"