Damu ya wazee wetu imeliwa na sisimizi

"Wazee wa Isansa walikataa kupimwa damu kwa sababu ya ushirikina."

Hayo alisema Ndugu Mganga wa zahanati yetu jana mkutanoni, nasi tukapiga makofi.

Ni uongo. Nabandika karatasi hii mlangoni pa duka la kijiji, muisome mkisubiri sukari.

Mama yangu alipimwa. Nilimpeleka mwenyewe miezi miwili iliyopita, kwa sababu ya kizunguzungu. Kweli aliogopa, maana kwake damu haiachwi mikononi mwa mtu baki. Nikamhubiria (mnanijua): "Mama, inakwenda hospitali ya wilaya. Majibu yatarudi."

Akatoa kidole.

Leo asubuhi nimekwenda kudai majibu. Mganga hayupo. Mhudumu akanionyesha dirisha la stoo.

Vile vioo vidogo vilivyopakwa damu ya wazee vyote vipo pale, vina majina yao, havijaondoka hata siku moja.

Damu haipo. Sisimizi wameilamba, vioo vyeupe!

"Gari la wilaya la kuvichukua halikuja, kaka," akasema yule dada. "Mganga akaona aibu kuwaambia."

Kwa hiyo aibu yake akawavika wazee!

Nimerudi nyumbani. Mama ameshika ukuta, ananiuliza, "Wamesemaje?"

Nikajibu, "Bado."

Wajumbe wa kamati ya afya, ninyi mliopiga makofi mstari wa mbele: kesho, kabla ya kazi ya shamba la kijiji, njooni na huyo mganga wenu kwa mama. Mwambieni mama ukweli, kisha mtafute gari la kumpeleka wilayani. Mimi nimekwisha kumdanganya vya kutosha kwa niaba yenu.