Fumo la Nyanya

Juzi, katika duka la vitu vya kale karibu na Ngome ya Yesu, niliona mkuki mrefu wa vita. Mpini wake ulikuwa na alama ya kamba, nami nikaitambua.

Utotoni mwangu, uani kwetu mkuki ule uliinua kamba ya nguo, ukinuka sabuni. Nyanya aliuita fumo. Mimi nikadhani ni wa kufumia vitambaa.

“Nyanya, ulifuma nini?”

“Watu, mjukuu wangu, walipotuvamia.”

Nikawaona watu wameshikana kama maua ya kitambaa. Alasiri hiyo ami akaja. “Mama, naupeleka ukatiwe mafuta.” Nguo zikaanguka vumbini.

“Wenyewe walifia vitani,” muuzaji aliniambia juzi pale dukani.

Mwenyewe alifia kitandani, akiuliza kama mafuta bado hayajakauka.