Ukuta wa Kifuani

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya mawakili hapa London. Kutwa nzima naandika mikataba ya watu wengine: nani anauza, nani ananunua, paa likivuja nani alizibe. Mawakili wale hawakuaminiana hata katika kuazimana kalamu. Jioni napanda treni narudi Wembley, kwenye nyumba yetu, ambako mambo yote yaliendeshwa kwa neno moja la mume wangu: "Usijali."

Nyumba ilikuwa na ila moja. Uwanja wa nyuma ulikuwa na mteremko, na juu ya mteremko ndiko ilikokuwa bustani ya jirani yetu, bibi wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu. Mvua kubwa ikinyesha, udongo wake ulitutembelea mpaka mlango wa jikoni. Ikabidi tujenge ukuta wa matofali ya saruji wa kuuzuia.

Mume wangu ni dereva wa basi, na kwa hiyo ni bingwa wa ujenzi. Akamleta fundi. Alikuwa Mpemba, mtu mfupi, mpole, viganja vimekauka kwa saruji. Sifa yake kubwa katika fani ilikuwa kwamba baba yake aliwahi kusoma chuo cha Kurani pamoja na ami yake mume wangu.

"Tuandikiane japo karatasi moja," nikasema.

Mume wangu akanitazama kama niliyemtukana mgeni. "Mkataba? Huyu ndugu yetu. Mkataba ni wa watu wasiojuana."

Mimi na yeye tulijuana tangu utotoni, na bado siku ya ndoa yetu palikuwapo kadhi, walii, mashahidi wawili na cheti chenye mhuri. Nikaenda kuchemsha chai. Huenda ukuta ni jambo jepesi kuliko mke.

Makubaliano yalifanyika nje, wamesimama kwenye matope, kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

"Unautaka wende juu kiasi gani, kaka?"

"Mpaka hapa." Mume wangu akajipiga kifuani.

"Kifuani. Nimekufahamu."

Hakuna aliyeuliza kifua cha nani. Mume wangu ni mrefu kiasi kwamba fundi angeweza kupita chini ya kwapa lake bila kuinama. Ukuta ulipokwisha ulikuwa umefika kifuani kweli, ila kifuani kwa fundi. Kwa mume wangu ulipita kitovu kidogo. Siku tano tulizoahidiwa zikawa wiki tano, kwani hakuna aliyesema ziwe siku za kufuatana. Vipande vya matofali na mifuko mitupu vikabaki uwanjani, kwani hakuna aliyesema nani avitoe. Kila Ijumaa mume wangu alikutana na fundi msikitini, wakakumbatiana, wakaulizana hali za watoto. Udugu ulikuwa imara kabisa. Ukuta ndio uliokuwa na mashaka.

Ilipofika baridi, mvua zikashika, na ukuta ukaanza kutoa tumbo. Binti yetu, aliyezaliwa hapa na anayeelewa kila tunachosema lakini hujibu kwa Kiingereza, alisema ukuta una mimba. Baba yake akamkanya asiutie mkosi.

Jumamosi moja asubuhi tuko mezani tukasikia mshindo. Tukatoka mbio. Nusu ya ukuta ilikuwa imelala kifudifudi, juu yake udongo, na juu ya udongo mwaridi wa jirani, umesimama wima kama mgeni aliyealikwa.

Jirani akashuka na ndara zake. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, hakina salamu wala ngeli.

"Maua yangu iko kwako," akasema. "Na mkataba ya ukuta iko wapi?"

"Mama, fundi ni ndugu yetu," mume wangu akajibu.

"Mimi sikuuliza fundi ni nani. Nauliza karatasi iko wapi."

Alipoona tunatazamana, akarudi kwake na kuja na jalada. Ndani mlikuwa na mkataba wa ngazi zake za mbele, kurasa nne: urefu kwa sentimita, kina cha msingi, aina ya tofali, maji yatapita wapi, takataka atatoa nani, kazi ikiharibika fundi arudi baada ya siku ngapi.

"Na hiyo fundi ni mtoto ya dada yangu," akasema. Mume wangu akapata shughuli ya ghafla ya kukagua matofali.

Fundi aliitwa, akaja siku ile ile. Alisimama mbele ya ule ukuta, mikono nyuma, kama aliyefika msibani. Nikamkaribisha jikoni, nikamwekea chai na mkate wa kumimina, maana mtu hasutwi akiwa na njaa. Maneno yangu nilikuwa nimeshayapanga.

"Hukuacha matundu ya kutokea maji," nikamwambia. Elimu hiyo nilikuwa nayo tangu saa nne asubuhi, kutoka kwenye jalada la jirani. "Maji yamejaa nyuma, yameusukuma."

Fundi akaweka kikombe chini. "Nilitaka kuyaacha, dada. Kaka ndiye aliyekataa. Alisema nisimtobolee ukuta wake mpya."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anautazama mkate.

"Sikumbuki," akasema.

Baada ya miaka kumi na moja ya ndoa, sikuhitaji wakili wa kunifasiria "sikumbuki" hiyo.

Fundi hakushangilia. Alisema polepole, macho chini, "Kuna nyumba moja kule Lewisham, niliambiwa nijenge ukuta hapa. Nilipomaliza, mwenye nyumba akasema hakunambia hapa, kanambia pale. Nikauvunja kwa mikono yangu, watoto wake wananitazama dirishani. Miaka yote hii nabeba matofali nchi hii, dada, na kila nyumba mwongo ni mimi."

Akapangusa uso kwa mkono wa sweta. Nikamjazia kikombe. Mimi niliyekuwa nikiandika mikataba kutwa nilidhani karatasi ni ya kunikinga na fundi. Haikunipitikia kwamba naye anahitaji kukingwa nasi.

Nikaleta karatasi na kalamu. Jirani, ambaye hakuna aliyemwalika, alikwishavuta kiti.

Tuliandika kwa Kiswahili, na tulibishana mpaka chai ikapoa mara mbili. Kifua kilitolewa, ikaingizwa mita moja na sentimita arobaini, baada ya mume wangu kupimwa kwa futi kamba huku amesimama wima kama anayeshonewa kanzu. Matundu yakaandikwa, moja kila baada ya mita moja. Msingi utachimbwa upya, kina chake kipimwe mbele yetu kabla ya kumwagwa zege. Mume wangu alitaka kila tarehe ifuatiwe na "akipenda Mungu." Nikamwambia tutaandika mara moja pale juu, itosheleze waraka mzima. Jirani akataka mwaridi wake uwe na kifungu chake peke yake, ukapewa. Fundi naye, kwa sauti ndogo, akaomba iandikwe kwamba mabadiliko yoyote yatiwe saini na wote wawili. Mume wangu akasema hilo halina haja. Sote watatu tukamwambia lina haja.

Kazi ya pili ilianza Jumatatu. Fundi alikuja na mkataba ndani ya mfuko wa plastiki, akaubandika kwenye kibanda cha uwanjani. Siku ya tatu mume wangu akamwendea na fikra mpya: matofali yatakayobaki yajengewe jiko la kuchomea nyama, pale pembeni.

"Kaka," fundi akasema kwa heshima kubwa, "hilo halimo."

"Lakini ni kitu kidogo, ndugu yangu."

"Tuandike, basi, tutie saini."

Mume wangu akaingia ndani kunishitakia kwamba udugu umekwisha duniani. Nikamuuliza kama anataka kalamu.

Ukuta ukamalizika siku iliyoandikwa. Ijumaa ile wawili wale walipeana mikono tu msikitini, na nadhani ilichukua miezi mitatu kabla hawajarudi kukumbatiana. Baadaye fundi aliniomba nimpigie chapa mkataba wenye nafasi za kujaza, kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Nikaupiga wakati wa chakula cha mchana, kwenye mashine ya waajiri wangu, ambao hawakupata kujua kwamba ndio mkataba wa maana kuliko yote iliyotoka mle ofisini.

Wa kwanza kuusaini alikuwa mchungaji mmoja Mkenya, aliyetaka ukuta nyuma ya kanisa lake. Fundi alinipigia simu jioni kunisimulia. Mchungaji aliusoma wote, akauombea robo saa nzima huku fundi wetu, Mpemba wa watu, akisubiri ameinamisha kichwa, kisha akatia saini mahali pa fundi.

"Nikampa mkataba mwengine," akanambia, na alikuwa anacheka. "Nilichukua mitano."