Ubeti wa Tatu wa Chande

Usiku ule nililala nimenuna, kichwa juu ya meza ya studio, kompyuta inawaka. Kesho yake Rehema alikuwa anaolewa, na wimbo wa kumwingiza ukumbini ulikuwa umenishinda. Na si wimbo wa kuokoteza. Aliuimba kaka yake, Chande, rafiki yangu, kwa ajili ya siku hiyo hiyo, halafu maradhi yakamchukua kabla haijafika.

Chande bwana! Mtaa mzima hakuna aliyemfikia kwa singeli, muziki wetu wa mbio. Maneno yalimtoka mfululizo mpaka unajiuliza anapumulia wapi. Lakini kwenye ubeti wa tatu sauti yake inaachwa na ngoma. Nikasema ni ugonjwa, masikini. Nikaivuta kwa kompyuta iende na spidi ya biti, ikatoka nyembamba kama ya mbu. Sasa nitampelekea Rehema mbu ukumbini?

Basi nikamwona. Amekaa kwenye kiti changu, kanzu imempendeza, kanenepa kama alivyokuwa kabla ya kuumwa. Sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi mpaka nikataka kulia.

"Oya, unanikimbiza wapi?" akaniuliza.

Kabla sijajibu, studio imekuwa uwanja wa nyumba yao, turubai limefungwa, watu wamejaa, na Chande anaimba. Hana kipaza sauti ila anasikika mpaka barabarani. Ubeti wa kwanza anaporomosha, wa pili anaporomosha, vumbi linatimka, mimi nashangilia kama mtoto. Aisee, yule mtu alijua! Kisha watu wanapisha njia, Rehema anaingia na shela lake, anatembea taratibu. Ngoma inakimbia tu. Rehema anajikwaa. Chande ananyoosha mkono kuituliza ngoma, ngoma haimsikii. Ananigeukia mimi.

"Mwanangu, mimi sijachelewa. Namsubiri dada."

Ngoma ikateremka. Sasa anaimba neno moja moja, na Rehema anakanyaga neno moja moja, shangazi zake wanapiga vigelegele. Sijawahi kuona singeli inatembea. Nimesimama mdomo wazi, namtazama rafiki yangu, najivunia kumjua.

Nikashtuka, adhana ya alfajiri inaita. Nikazima ngoma zote, nikaisikiliza sauti yake peke yake, bila kuivuta. Hahemi. Hababaiki. Kila neno kalituliza mahali pake, na mwisho wa ubeti anachanganya mwenyewe, anarudi kwenye kasi yake ileile. Kumbe jamaa alipanga! Nikafungua mstari wa tempo, ule unaopanga kasi ya biti, nikaushusha kwenye ubeti wa tatu ili biti imfuate yeye, kisha nikaupandisha kidogo kidogo mpaka kwenye kiitikio. Ikakaa yenyewe. Nilipiga makofi peke yangu mle ndani.

Kulipopambazuka nikampigia Rehema.

"Dada, ukiingia ukumbini, ngoma itapungua kasi. Usidhani mitambo imeharibika, wewe tembea tu. Kaka yako anakusubiri."

Nikasikia anavuta kamasi.

"Nilimwambia," akasema. "Nilimwambia mimi sitaki kukimbizwa siku ya harusi yangu. Akanicheka, akasema nimwachie yeye."